Safari ya Malindi Iliyoishia Mnarani

Mume wangu alianza kuendesha baiskeli mwaka ule ofisi yao ya kutoa mizigo bandarini ilipofungwa. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake, na miaka yote hiyo simu yake haikulala. Ilimwita mezani, ilimwita harusini, ilimwita hata akiwa anatia udhu. Kisha makontena yakaanza kupandishwa treni na kwenda kutolewa bara, wateja wakayafuata, na simu ikanyamaza. Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba yetu ya Kiembeni, watoto wote wamekwisha kuwa na nyumba zao. Asubuhi nilikuwa nikienda kufundisha na kumwacha ameketi sebuleni na shati lililopigwa pasi. Alasiri nikirudi namkuta na shati lile lile, halijapata hata mkunjo.

Ndipo daktari wa kliniki alipompima, akamwambia presha imepanda na mafuta yamezidi kwenye damu, na akamshauri afanye mazoezi. Alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa ajira. Muda si muda alinunua baiskeli nzito ya mtumba, akawa anaipanda baada ya sala ya alfajiri kwenda Jomvu Kuu kumsalimia mama yake. Alirudi amelowa jasho, anatabasamu peke yake, anaulizia chai na mahamri. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani nimerudishiwa mume wangu.

Baiskeli ile nzito haikudumu. Njiani alikutana na kikundi cha waendeshaji kutoka Nyali na Shanzu, wengi wao umri wa watoto wetu, waliopita wamejipanga mstari mmoja kwenye baiskeli za mbio zenye tairi nyembamba. Walimkaribisha vizuri. Walimfundisha kukaa nyuma ya mwenzake ili akingwe na upepo, kula kabla ya kuona njaa, kunywa kabla ya kuona kiu. Walimfundisha pia kuuchukia uzito. Akanunua baiskeli ya mbio, kisha akaibadilisha fremu akatia ya kaboni, kisha magurudumu, kisha viatu vinavyojifunga kwenye pedali. Sebule ikawa karakana. Chakula cha jioni tulikila tukizungumzia meno ya gia.

"Tairi ikijaa upepo mno yarukaruka kwenye kokoto," alikuwa akiniambia. "Ikipungua, yakuvuta nyuma. Lazima ujue uzito wako na njia yako."

Na alikuwa na lengo. Alitaka kutoka nyumbani alfajiri na kuswali adhuhuri Malindi, kwa miguu yake mwenyewe, bila kuachwa na vijana. Alilitaja lengo hilo kwa kila aliyekuja kututembelea, hata wale waliokuja kumpa pole kwa habari ya kazi.

Mimi niliingia kwenye baiskeli kwa sababu nilichoka kuwa mgeni katika mazungumzo ya mezani pangu. Nilipomwambia anifundishe, alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alinitafutia baiskeli ya aluminiamu yenye tairi pana kidogo, na nyuma akatia gia kubwa ya kupandia milima.

"Wewe huhitaji wepesi," alisema, "wahitaji starehe. Ukiumia mgongo siku ya kwanza hutapanda tena."

Alinipandisha juu ya siti, akaniambia nishushe pedali mpaka chini, akautazama mguu wangu kama mshonaji anayetazama mkono wa koti. Akapandisha siti kidogo, akasogeza usukani, akatazama tena. Kwa muda mrefu hakuna aliyeushughulikia mwili wangu kwa makini namna ile. Nilivaa suruali pana niliyoifunga vifundoni kwa mpira isiliwe na mnyororo, kanzu iliyopita magoti, na mtandio mwepesi chini ya helmeti. Majirani walitazama kwa siku kadhaa, kisha wakapata mengine ya kutazama.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa ya kwenda Jomvu Kuu kwa mavyaa, mama yake mume wangu. Niliogopa ulimi wake kuliko nilivyoogopa malori ya Changamwe. Alitoka mlangoni alipotusikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama tangu helmeti mpaka viatu, na nikasubiri maneno. Lakini hakuwa na habari na mimi. Alikuwa amemshika mwanawe mkono na hauachi. "Huyu mkeo atoka jasho la moto," alisema, "na wewe jasho lako baridi. Kwa nini?"

"Ni upepo wa njiani, mama."

"Na mkeo amepita njia gani?"

Mume wangu alicheka, akaingia ndani kuomba maji.

Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia. Ukivuka daraja la Mtwapa kwenda Kilifi, barabara hupanda kuelekea mjini Mtwapa. Si mlima wa kutisha, ila unakupima. Kila tulipofika pale alikuwa akiachia usukani mkono mmoja, akijisugua bega la kushoto, mara nyingine mpaka kwenye taya. Nilipomuuliza, alisema usukani uko mbali naye, unamvuta mabega. Tuliporudi nyumbani akaleta spana, akaurudisha usukani nyuma. Maumivu hayakuondoka. Akapandisha siti. Akabadilisha siti yenyewe. Akabadilisha viatu. Kila kitu kwenye baiskeli ile kiligeuzwa, na kila kilipogeuzwa alikuwa na siku mbili tatu za furaha, akisema sasa ameipata sawasawa.

Na alikuwa akipungua. Mimi, mwanafunzi wake, nilianza kubana breki kwenye miinuko ili nisimpite. Nikijisikia nina nguvu, najifanya nimechoka, naomba tupumzike. Yeye alinishika bega akanitia moyo, akasema nitazoea tu, kumbe ni yeye aliyekuwa akihema kwa mdomo.

Alikuwa na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, unaopeleka hesabu kwenye saa ya mkononi. Alikuwa akiupenda sana. Jioni alinionyesha jinsi mapigo yalivyopanda na kushuka njiani. Siku moja ya mapumziko, baada ya kutoka Vipingo, niliukuta kwenye pipa la taka jikoni, chini ya maganda ya viazi.

"Umeharibika," alisema nilipomuuliza. "Wasoma uongo. Mara juu, mara chini, hauna mpango."

Alipokwenda msikitini adhuhuri, niliuosha, nikaufunga kifuani pangu, nikaichukua saa aliyoiacha mezani. Nikapanda ngazi za nje zinazokwenda darini, nikashuka, nikapanda tena. Hesabu zilipanda polepole nilipopanda, na nilipokaa zikashuka polepole, kwa utulivu, kama zinavyotakiwa. Nilikaa kwenye ngazi ile mpaka aliporudi.

"Huu mzima," nikamwambia.

Alisimama mbele yangu. Alivua kofia yake ya kiua, akaikunja, akaikunjua.

"Nitaomba ruhusa shuleni," nikasema. "Kesho twende hospitali pamoja."

"Baada ya Malindi, inshallah."

"Kwa nini baada?"

"Kwa sababu nikienda sasa watanikataza." Alikaa ngazi ya chini yangu, akanipa mgongo. "Kazi ilichukuliwa, sikuambiwa hata kwaheri. Niachie hiki kimoja nikimalize. Kimoja tu, kisha mnipeleke mnakotaka."

Nilisema yote ambayo mke husema. Nilimtajia watoto. Nilimtajia mama yake. Hakujibu kwa hasira, na ndilo lililonitisha. Alinijibu kwa upole, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. Nilimpigia simu mwanetu mkubwa, naye akamsema, na baba mtu akaahidi kwenda kupimwa. Hakwenda. Mwishowe nikamwambia kama anakwenda, nami nakwenda. Tukakubaliana nitafika Kilifi, kwa kuwa zaidi ya hapo sikuwa na nguvu, na hapo nitamsubiri mpaka gari la kikundi litakapowarudisha kutoka Malindi.

Siku ya Malindi ilipofika, tulitoka alfajiri baada ya kuswali. Barabara ya kwenda Mtwapa ilikuwa ikipanuliwa, na vumbi la matingatinga lilitukaa menoni. Kikundi kilijipanga, mume wangu katikati, mimi nyuma kabisa. Kwenye mwinuko wa Mtwapa alibaki nao. Alikaza, nikaona shingo yake imevimba mishipa, lakini alibaki nao, na kijana aliyeongoza akageuka akamwinulia kidole gumba. Nilitamani kukiona kitu hicho kama walivyokiona wao.

Tulipita Kikambala, tukaingia kwenye mashamba ya mkonge, barabara imenyooka na jua limeanza kuchoma. Hapo akaanza kuachwa. Kwanza urefu wa baiskeli moja, kisha urefu wa lori. Vijana walipunguza mwendo mara mbili kumsubiri, na mara zote mbili aliwapungia mkono waende. Mara ya tatu walikwenda, wakasema watatusubiri mjini Kilifi, ng'ambo ya daraja. Tukabaki wawili. Nilimwendea ubavuni, jambo alilonikataza siku zote kwa sababu ya magari.

"Rudi nyuma," akasema.

"Una nini?"

"Rudi nyuma yangu. Kuna malori."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Tulifika Mnarani hivyo, daraja limeshaonekana mbele, naye akiwa anatafuta gia nyepesi zaidi. Nilisikia kidole chake kikibofya na kubofya, na hakukuwa na gia nyingine iliyobaki. Nikampita. Nikasimama mbele yake, nikaweka baiskeli yangu kiubavu njiani.

"Shuka," nikamwambia.

"Daraja lile pale."

"Nimeliona. Shuka."

"Usiniaibishe."

Hakushuka mwenyewe. Viatu vilikuwa vimefungwa kwenye pedali, akaanza kuinama upande mmoja, nikamdaka pamoja na baiskeli yake, na kwa wepesi wake wote ile fremu ya kaboni ilikuwa nzito siku hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza korosho kando ya barabara alikuja mbio. Alimvua viatu, akamlaza kwenye benchi lake, akavua leso yake begani akawa anampepea. Mimi niliingia barabarani nikasimamisha pikapu iliyobeba nazi. Mume wangu alifumbua macho mara moja tu.

"Baiskeli," akasema.

Dereva alitupa nazi nyingine chini ili apate nafasi, akazipakia baiskeli zote mbili.

Hospitali ya Kilifi walimpa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, kisha tukarudishwa Mombasa kwa ambulensi. Daktari wa moyo alinichorea mshipa kwenye karatasi na kuniwekea kalamu mahali ulipoziba. Alisema maumivu ya bega na taya yalikuwa ya moyo tangu mwanzo, na kwamba lile daraja hangelivuka. Walimtia kijibomba cha kuupanua mshipa. Alikaa wodini, akatoka, akapewa vidonge vya kunywa maisha yake yote na ruhusa ya kutembea kidogo kidogo.

Watu waliniambia nimemwokoa. Mavyaa alinishika kichwa akanisomea dua. Vijana wa kikundi walikuja na matunda, wakakaa kwenye ukingo wa viti, na kijana yule aliyekuwa akiongoza alilia mbele yetu, akisema wasingemwacha nyuma laiti wangejua. Mume wangu alimpigapiga goti, akamwambia hakuna aliyejua.

Mimi ndiye ambaye hakunipigapiga goti. Alikuwa na adabu nami. Alinishukuru kwa uji, alinishukuru kwa vidonge. Zaidi ya hapo hakusema nami neno kwa miezi. Baiskeli yake ilikaa ukutani imefunikwa shuka, na sebule ikawa sebule tena, na nikaichukia.

Siku moja tukianua nguo uani nilimwuliza. Sikuwa nimepanga.

"Wanilaumu kwa sababu nilikusimamisha?"

Alikunja shuka aliyoishika mpaka mwisho. "Ungeniacha nivuke," akasema.

"Ungekufa pale juu."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba huenda." Aliniwekea shuka mikononi. "Si kwamba nilitaka. Wallahi sikutaka. Ila sikuona tofauti kubwa."

Niliketi pale pale kwenye beseni lililogeuzwa. Miaka yote ile ya ndoa, na mtu akaweza kuamka karibu nami, akanywa chai yangu, akanirekebishia siti ya baiskeli, na asione tofauti kubwa. Nilimwambia kwamba mimi niliiona. Alitikisa kichwa, akasema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomuuma.

Tulirudi kwa daktari, safari hii si wa moyo peke yake. Kuna mtu sasa anayezungumza naye kila baada ya wiki mbili, na hurudi kutoka huko amechoka kuliko alivyokuwa akirudi kutoka Vipingo. Ameanza kuwafundisha hesabu watoto wa madrasa ya mtaani. Kuna siku huvaa shati la pasi tena, akakaa nalo kutwa, nami huacha kazi zangu nikakaa naye.

Baiskeli amepanda tena, kwa idhini ya daktari, ile nzito ya zamani aliyokuwa amempa jirani na akarudishiwa. Huenda Utange na kurudi, mahali tambarare, na mkanda kifuani. Mimi hutangulia kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Hapendi niwe nyuma nikimtazama. Basi mimi husikiliza. Husikiliza pedali zake, kikohozi chake, tairi zake kwenye mchanga. Kukiwa na pikipiki inayopita simsikii, na pumzi yangu husimama mpaka ipite.

Juzi iligeuka shingo yangu kabla sijajizuia.

"Tazama mbele," akasema nyuma yangu. "Kuna shimo."

Kulikuwa na shimo kweli. Nililikwepa, nikasikiliza tena.