Skonzi Huulizwa Mara Tatu

Mhudumu wa chai ya alasiri katika hoteli yetu ya ngome, hapa Galway, hukunja upya kila leso, hata iliyokunjwa vizuri. Mikono yake ni myekundu kwa maji ya moto, lakini akitua birika la fedha husikii kitu. Sauti haipandishi. Humkaribisha mgeni skonzi mara tatu, kwa sababu huku kwetu mtu mwenye adabu hukataa mara mbili kwanza.

Jumapili moja mteja aitwaye Nuala alimleta mama yake, aliyetimiza miaka themanini. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, hakuvua koti. Usichanani alisugua sakafu za ngome hii, na hakuwahi kuketi humu. Mhudumu akamkaribisha. "Asante, mwanangu, nimeshiba." Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu akakataa tena, akashika mkoba. "Twende, Nuala. Chai ipo nyumbani." Nuala, aliyeingoja siku hii mwaka mzima, akaanza kuvaa koti lake. Mhudumu hakuiondoa sahani. Akainama, akasema, "Basi nisaidie, mama. Mpishi ni mgeni kazini, nasi tunaogopa kumwambia kitu. Onja wewe, uniambie kweli." Mpishi wetu amezeekea katika jiko lile. Mama akamega kipande, akatafuna akitazama dari. "Magadi yamezidi," akasema. "Na nani kamfundisha kukanda hivi, maskini?" Kisha akavuta bakuli la jemu, akachukua skonzi nyingine ili ahakikishe.