Baiskeli Hufungwa na Mwenzako

Dobi alikuwa ameilaza baiskeli yake sebuleni, juu ya shuka kuukuu, akiitazama kama tabibu asiyejua aanzie wapi kumtibu mgonjwa. Si kwamba hakujua kazi. Gurudumu la mbele hutoka kwanza, kisha pedali, kisha usukani hugeuzwa ulale ubavuni, na vyote vikaingia kwenye boksi tayari kwa safari. Lakini yeye na wifi yake walikuwa na mwiko wao: hakuna anayejifungia baiskeli yake mwenyewe. Kila mmoja hufunga ya mwenzake, kwa sababu jicho la mwenye mali huona lile lililozoea kuona, na skrubu iliyolegea humpita hivihivi.

Leo wifi hakuwepo, na aliyemtoa ni Dobi mwenyewe.

Jina la Dobi lilitokana na kazi yake. Alisimamia mashine za kufulia za hospitali, na miaka ya kuinua mashuka yenye maji ilipomuumiza mgongo, akaambiwa apande baiskeli. Akapanda, akanogewa, akaacha barabara na kukimbilia vilimani. Wifi yake, mke wa kaka yake, mpishi wa shule, alimfuata asiende peke yake. "Mimi nitakubebea maji tu," alisema. Maji gani! Mwaka haukuisha naye akawa na baiskeli yake, na kila Jumapili walikuwa wawili kwenye njia ya machimbo ya mawe.

Wifi alipanda mlima polepole, bila haraka na bila kusimama, kama anavyokoroga uji wa shule nzima. Dobi alikuwa akimsubiri kileleni. Kwenye mteremko mambo yaligeuka. Wifi alitangulia, akaisoma njia, akapaza sauti: "Jiwe kushoto! Kaa nyuma ya siti!" Dobi akamfuata kwa imani, kwa maana mteremko wenye mawe ulimtia kiwewe, na siri hiyo aliijua wifi peke yake.

Ndoto yao ilikuwa mashindano makubwa ya milimani: wiki nzima, kila siku na kipande chake cha njia, watu wawiliwawili. Sheria yake ni kwamba wawili hao wafike pamoja, na muda wa timu ni muda wa yule wa nyuma. Majina yalipoanza kupokelewa, nesi mmoja wa hapo hospitalini, mwanamke mwenye miguu ya chuma, akamwambia Dobi, "Njoo tuunde timu. Mimi na wewe jukwaani tunapanda."

Dobi akapiga hesabu, na ilikuwa ile hesabu ya watu wanaougua ugonjwa wa kutazama saa: akapima mlima wa kupanda, akasahau kwamba kila mlima una upande wa pili.

Hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni kwamba hakwenda kumwambia wifi yake uso kwa uso. Alimpigia simu kaka yake.

"Mwambie wifi mwaka huu nakwenda na nesi. Ataelewa tu."

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mdogo wangu."

"Kaka, ni mashindano tu."

"Haya. Nitamwambia."

Jumapili ya kwanza na nesi, Dobi alijua yule wa nyuma ni nani. Alipofika juu anatweta, nesi alikuwa ameshapumzika, mguu mmoja chini, macho kwenye saa. Hakumtukana. Alisema tu, "Twende?" na kabla Dobi hajavuta pumzi ameshaondoka. Dobi akajiona mwenyewe. Hivyo hivyo ndivyo alivyomfanyia wifi yake miaka yote, na wifi hakulalamika hata siku moja. Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini majina yalikuwa yameshafungwa, nesi ameshachukua likizo, na kumwacha huyu naye kungekuwa kosa juu ya kosa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amehamia kabisa nyumbani kwa Dobi.

"Hodi."

Alikuwa wifi, na boksi kubwa kichwani.

"Karibu, wifi."

"Boksi lilikuwa kwangu, chini ya kitanda. Mume wangu kasema gari linakuja mchana." Akaitazama baiskeli pale chini. "Hujaanza?"

"Bado."

Wifi akapiga magoti, akachukua spana. Akafungua pedali ya kushoto kwa kuizungusha kinyume, akachomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi za breki zisije zikabanana njiani. Kwenye diski ya breki ya nyuma akasita, akakaza skrubu moja. Dobi alikuwa ameikagua diski ile asubuhi na hakuona kitu.

"Nesi wako hajui kufunga?"

"Ya kwake kaipeleka dukani."

"Maisha hayo," alisema wifi, na kidogo wacheke wote wawili.

Dobi akaona ndiyo nafasi. "Wifi, nataka kukuomba—"

"Usiniombe leo." Wifi hakuinua kichwa. "Ukiniomba leo nitakusamehe. Nitafanyaje, unakwenda milimani, sitaki uende na kinyongo cha mtu. Nitakwambia yameisha, na hayajaisha. Nina hasira na wewe, wifi. Ulinirudisha kama sufuria ya kuazima, tena kwa kumtuma mtu."

Dobi machozi yakamlengalenga. "Na nikirudi?"

"Ukirudi, njoo. Utanikuta na hasira zangu, tutazungumza."

Gari likaja, nesi akiwa ndani. Walibeba boksi pamoja, huku na huku, wakaliingiza nyuma. Wifi akamsalimu nesi vizuri, akawatakia safari njema, akashika njia ya kwake kwa mwendo wake uleule wa taratibu.

Njiani nesi alizungumzia siku ya kwanza, wapi waongeze kasi, timu zipi ni za kuogopwa. Dobi alijibu ndiyo, ndiyo. Safari aliyoiota miaka yote ilikuwa imeanza, na hakutaka kingine ila iishe arudi.