Shemeji na Kioo cha Darubini

Shemeji yangu alifundisha fizikia hapa Machakos mpaka akastaafu, na sijawahi kumsikia akisema hajui kitu. Nilipomwazima darubini yangu kuukuu, aliona vumbi kwenye kioo cha ndani akakisugua kwa stilwaya na sabuni ya vyombo. Kisha akairudisha akinung'unika.

"Hii kitu imeharibika. Ukiangalia unaona ukungu tu."

Niliifungua mbele yake. Kioo kilijaa mikwaruzo kama sufuria ya ugali, na zile skrubu tatu za kukinyoosha alikuwa amezikaza mpaka mwisho, kana kwamba anafunga gurudumu la lori. Mwalimu mzima wa fizikia! Nilimweleza kwamba hukazwa kidogo kidogo, mpaka kioo kielekeane sawasawa na kile kidogo cha mbele. Akanicheka.

Nilihangaika nazo asubuhi nzima. Mikwaruzo haikutoka, lakini nilipoielekeza kwenye vilima vya Iveti niliona mbuzi akitafuna, na kengele shingoni. Nikamwita shemeji atazame.

"Unaona sasa?" akasema. "Ilitaka kusuguliwa tu."

Siku hizi akiiomba, namwambia nimeiuza.