Bomba Halijaiva

Mume wangu aliniharibia makarai matatu katika ndoa yetu, na yote kwa ajili ya mchanga. Wallahi sizushi. Nyumbani kwetu Mishomoroni ekzosi ya gari, lile bomba la kutolea moshi, haikununuliwa dukani. Chumvi ya bahari ikishaila ile ya zamani, yeye alitafuta kipande cha bomba kwa wauza vyuma chakavu, akakikunja mwenyewe uani. Na bomba likikunjwa tupu hubonyea, moshi ukakosa njia. Kwa hiyo alilijaza mchanga, na mchanga sharti uwe mkavu kabisa, maana ukiwa na maji utachemka humo ndani na kufyatua kizibo. Sasa aliukaushia wapi? Kwenye karai langu la mahamri!

Nilikuwa nikipiga kelele mpaka majirani wanachungulia. "Basi mama, nitakununulia jingine," ananiambia, huku anaukoroga mchanga wake kwa mwiko wangu. Na mwisho wa kelele zote najikuta nimechutama kando yake, nampepelea moto wa vifuu vya nazi. Nilizipenda asubuhi zile. Nazililia hata leo.

Alimimina mchanga kidogo kidogo, akiligonga bomba kwa nyundo juu mpaka chini na kusikiliza kama umeshikana. Akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akalilaza bomba motoni, akanyamaza akitazama rangi. Hapo hakuna wa kumwambia kitu. Nikisema limeiva, hunijibu, "Wewe kapike wali wako, haya niachie mimi." Likishakuwa jekundu, mimi nilishika ncha moja kwa gunia lililoloweshwa, yeye akasukuma ncha ya pili kuizunguka rimu ya gurudumu aliyoifunga kwenye nguzo. Bomba likamfuata taratibu, bila kubonyea.

Mwaka jana nikaanza kuona mambo. Chai anaimimina nje ya kikombe, kisha anasema meza imeyumba. Ugonjwa wa sukari anao miaka mingi, na daktari alishamwonya kuhusu macho. "Naona vizuri," ndilo jibu lake. Na kila asubuhi anampakia mjukuu wetu garini, anampeleka shule, katikati ya tuktuk na mikokoteni. Mimi nabaki mlangoni roho mkononi. Nikimwambia aache kuendesha, ananuna siku nzima.

Basi ekzosi ikakatika. Gari likalala juma zima, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini Jumamosi asubuhi bwana alikuwa ameshapata bomba, anataka Jumatatu mtoto apelekwe shule kwa gari. Karai likatoka jikoni. Tukakaa uani kama zamani, vifuu vikashika moto vizuri. Mara akanigeukia.

"Limeiva?"

Miaka zaidi ya thelathini sijaulizwa swali hilo. Nikalitazama bomba: jeusi vilevile. Sijui nilipandwa na shetani gani.

"Limeiva," nikasema. "Jekundu kabisa."

Akavaa glavu, akalitoa motoni, akaliegemeza kwenye rimu, akasukuma. Likagoma. Akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akatulia, hasukumi wala haliachi.

"Umenidanganya," akasema.

"Na wewe je?"

Akaketi palepale kwenye kokoto. Akaniambia jicho la kushoto halioni kitu tangu Ramadhani, na la kulia linaona ukungu mtupu. Akaniambia kuwa siku chache kabla ekzosi haijakatika alifunga breki kwa kusikia mayowe ya watu tu, na mjukuu wetu yumo kiti cha nyuma. Aliyekuwa mbele ya gari hakumwona mpaka leo. Akasema usukani hataugusa tena, gari nikitaka niliuze.

Haya ndiyo niliyoyataka. Nimemwomba Mungu miezi, na sasa nimepewa, nami nikatamani lile bomba lingekunjika hivyo hivyo likiwa baridi, mume wangu ainuke anitukane kwa kumsumbua.

"Mbona kimya?" akauliza. "Unalia?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili tu, kwenye jua la saa nne, na uso wangu wote umelowa.