Picha Iliyolalia Kadi

Wayua alizikwa Alhamisi. Jumatatu Katunge alikwenda kwa Mutunga, mume wa marehemu, kuomba kuiona simu ya mzee huyo.

Programu iliyokuwa ndani ya simu hiyo ilikuwa kazi ya Katunge. Aliiandika kwa miezi saba nyumbani kwa mama yake, hapo Kalamba, ili mtu akiumwa na nyoka ajue zahanati ipi ya karibu ina dawa. Kila zahanati ilikuwa na kadi yake: jina, umbali, na chini kabisa, dawa ipo au imeisha. Chini ya kadi kulikuwa na picha ya jengo. Viwili hivyo vilipoachana vilionekana vikavu, kwa hiyo akaipa picha nafasi hasi upande wa juu. Nafasi ya kawaida husukuma vitu mbali. Iliyo hasi huvivuta mpaka kimoja kikalalia kingine. Picha ikapanda juu ya ukingo wa kadi. Kwenye simu yake ilipendeza, wala haikugusa herufi hata moja.

Mutunga alikuwa nje, akipeta ndengu alizokuwa akivuna Wayua siku ile alipoumwa na nyoka.

"Karibu, mwalimu wa simu. Leo sina Biblia ya kusoma."

Ndivyo wazee wa kanisa walivyomwita. Kila Jumapili baada ya ibada walipanga foleni mbele yake, akawakuzia herufi wasome Neno bila miwani. Za Mutunga alikuwa amezikuza hadi mwisho.

"Mzee, siku ile mlianzia zahanati gani?"

"Hiyo ya karibu. Si ndiyo simu ilinionyesha? Tukafika na bodaboda, nesi akasema dawa imeisha wiki mbili. Tukaenda ya pili. Wayua hakufika."

Akamkabidhi simu. Katunge akaifungua ile kadi. Herufi kubwa zilikuwa zimeusukuma mstari wa mwisho chini, na picha ilikuwa imeulalia wote. Hapakuonekana neno, ila paa la mabati na kipande cha ukuta.

"Kathini ananiambia, 'Ulikuwa na simu mkononi, ukashindwa kusoma dada yangu aishi?'" Mutunga akapuliza makapi. "Labda ni kweli. Macho yangu haya."

Katunge angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine ambaye angejua.

"Si macho yako, mzee. Ilikuwa imeandikwa kwamba dawa imeisha. Mimi niliweka picha juu yake. Sikujaribu kwa herufi kubwa."

Ungo ukatulia.

"Pale kanisani, wangapi wako na herufi kama zangu?"

"Karibu wote."

"Basi enda urekebishe." Hakumtazama. "Lakini kwanza ingia jikoni. Kathini ako huko. Mwambie yeye hayo uliyoniambia, na uyaseme polepole, asikie yote."

Katunge akaweka simu juu ya kigoda, akainama kupita mlango wa jikoni.