Surua Iliyotoka Nyumbani Kwetu

Gari la chanjo lilipokuja Nandagala kwa mara ya kwanza, mdogo wangu hakuwepo kijijini. Alikuwa mahameni kwetu, amelala kwenye mkeka chini ya mkorosho, na aliyempeleka huko ni mimi.

Mahame tulipaita pale tulipoishi kabla ya kuhamishiwa kijijini. Miaka michache nyuma serikali ilitaka watu wakae pamoja, nyumba kwa mistari, karibu na shule na barabara. Waliochelewa kuhama waliezuliwa mapaa. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Nakumbuka mama akitoka na kinu kichwani huku nyasi za paa letu zikidondoka nyuma yake, na mtu mmoja mwenye kofia akimwambia kwamba yote hayo ni kwa faida yake. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi alipopita akitangaza kwamba watu wa hospitali watakuja kuwachoma watoto sindano ya surua, na kwamba ni kwa faida yetu, mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaendelea kupepeta mtama.

Kisimani maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema sindano hiyo inafunga vizazi vya wasichana. Wengine walisema surua lazima impitie kila mtoto, na ukiizuia itakaa ndani ya mwili ije kutokea kwa ubaya zaidi. Mama hakuchangia. Yeye alikuwa na sababu yake. Kabla sijazaliwa alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, ambaye alimpeleka zahanati akiwa na homa kali. Walimchoma sindano, naye akafa njiani wakirudi. Mpaka leo sijui kama aliuawa na sindano au na ile homa iliyompeleka kwenye sindano. Mama yeye alijua, au aliamini anajua, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumweleza vinginevyo.

Aibu yangu ilianzia hapo, kwa sababu mimi nilikuwa mjumbe wa chanjo. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu, mtu wa upande wa Ziwa aliyeletwa kufundisha kwetu, alinichagua nipite nyumba kwa nyumba pamoja na balozi ili niwaeleze wazee kwa Kimwera yale yaliyowapita katika Kiswahili cha balozi. Nilijivuna. Nilisimama kwenye nyua za watu nikasema, kama nilivyofundishwa, kwamba surua inaua na inapofusha, na kwamba kila mtoto ambaye hajaanza shule aletwe. Wapo waliokubali kwa sababu yangu. Bibi mmoja alinishika kidevu akasema, "Huyu mtoto wa shule hawezi kutudanganya."

Jioni ya siku moja kabla ya gari kufika, mama alinifungia mihogo ya kuchemsha katika jani la mgomba.

"Kesho alfajiri mchukue mdogo wako, mwende mahameni," alisema. "Mkae huko mpaka nije."

"Mama, mimi ndiye niliyewaambia watu."

"Watu ni watu. Huyu ni wangu."

Nikaenda. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili, mzito, na alinichosha mgongo. Siku nzima tulikaa pale kwenye magofu ya nyumba yetu tukitafuna mihogo. Mama alipokuja, jua likielekea kuzama, alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Akamrusha mtoto juu, akacheka.

Siku hiyohiyo, kule shuleni, mke wa mwalimu alikuwa amepanga foleni na wanawake wengine, na mtoto wake mgongoni. Nyumba yao ilitazamana na yetu, njia tu katikati. Alikuwa msichana bado, amekuja nchi ya mbali na mumewe, hana ndugu, na mama yangu ndiye aliyemwonyesha kisima chenye maji matamu na mboga za porini zinazoliwa. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuungaunga. Mara nyingi niliwakalimania, lakini mara nyingi zaidi walikaa tu pamoja wakichambua mboga bila kuhitaji mtu.

Usiku ulipokaribia alikuja kutusimulia. "Wamenirudisha, dada," alimwambia mama. "Wamesema mtoto hajafikisha miezi tisa. Ana saba tu. Nimesimama juani bure!" Kisha akauliza, "Wa kwako alilia?"

Mama alinitazama nimkalimanie, ingawa swali lile lilikuwa jepesi na najua alilielewa. Mimi nikatazama chini. Mke wa mwalimu akatutazama sote wawili, halafu akaanza kuzungumzia mambo ya chumvi. Tangu hapo alijua kwamba tulimficha mtoto. Hakutusema kwa balozi.

Baada ya mavuno, dada yake mama aliyeolewa Chiola alimcheza mwanawe jando, nasi tukaenda kwenye ngoma. Watu walikuwa wengi, watoto wamelundikana kwenye mikeka, wengine wakikohoa. Haikupita muda mrefu baada ya kurudi, mdogo wangu akaanza kupiga chafya. Macho yakawa mekundu, yakichuruzika machozi asiyoyalia. Homa ikapanda, na vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni na kifuani.

Mama alijua ni nini mara moja. Alimfunika kanga, akamlaza ndani penye giza kwa sababu mwanga ulimchoma macho, akampa uji mwembamba. Zahanati hakumpeleka. Watu wetu walisema surua haichomwi sindano, ukiichoma vipele vinarudi ndani. Lakini nadhani kilichomfunga miguu zaidi ni kingine. Angemwambia nini yule mganga wa zahanati? Angemwambia nini balozi, aliyepita mlangoni kwetu akatangaza mara mbili? Aliona haya. Alifunga mlango wa mbele, tukawa tunatokea nyuma.

Asubuhi moja mke wa mwalimu alibisha hodi mlango wa nyuma. Moto wake ulikuwa umezimika usiku, na alikuja na kigae kuomba makaa, kama alivyofanya mara nyingi. Mtoto alikuwa mgongoni.

Mama alikuwa jikoni. Akaniambia kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, "Mwambie mtoto amelala."

Nikamwambia, "Mama anasema mtoto amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?" Alikwishavuka kizingiti. Hakuwa mgeni kwetu. Kwetu alikuwa akiingia kama anaingia kwake. Akaenda moja kwa moja pale alipolala mdogo wangu, akainama, akamgusa paji la uso. "Ana moto huyu! Dada, ana nini?"

Mama alitoka jikoni na makaa kwenye kigae. Chumba kilikuwa na giza, vipele havikuonekana. Alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, "Homa. Homa tu."

Mdogo wangu akakohoa. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa amechungulia juu ya bega la mama yake, akimnyooshea mkono, maana walikuwa wamezoeana. Mke wa mwalimu alisema pole, akasema ataleta majani ya mwarobaini, akachukua makaa akaondoka. Mama akakaa chini palepale. Hatukuangaliana.

Mdogo wangu alipona. Ngozi ilimbanduka kama maganda, akarudi kula, akarudi kucheza. Wiki ileile alipoanza kutoka nje, mtoto wa mwalimu akashikwa na mafua, kisha homa, kisha vipele. Yule alikuwa mdogo mno. Kifua kikambana mpaka ukaona mbavu zake zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi. Mwalimu alisimamisha lori lililokuwa likipeleka ufuta Nachingwea, akampandisha mkewe na mtoto mbele kwa dereva, yeye akakaa juu ya magunia. Nililiona lori likiondoka. Mama alikuwa uani akitwanga. Lori lilikwishapotea, na yeye aliendelea kutwanga kinu ambacho nafaka yake ilikwisha kuwa unga.

Baba yangu alifanya kazi Nachingwea, kubeba magunia kwenye ghala, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Safari hii alirudi katikati ya mwezi, pamoja na mwalimu na mkewe, watu wazima watatu bila mtoto. Aliingia ndani amechoka, akakaa, akamweleza mama.

"Niliwakuta hospitalini hawamjui mtu," alisema. "Nikawatafutia pa kulala. Mtoto alipofariki mimi ndiye niliyetafuta mbao na watu wa kuchimba. Wao si dini yetu, lakini ni majirani zako. Nimefanya kama vile angekuwa wangu." Kisha akasema, "Madaktari walimuuliza yule mama, mtoto alikuwa karibu na nani mwenye surua? Akasema hajui. Hivi hapa kijijini surua imeanzia kwa nani?"

Mdogo wangu alikuwa ameketi mapajani kwake, na shingo bado ina mabaka. Baba aliyaona. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akanitazama mimi. Alimshusha mtoto taratibu, akatoka nje, akaenda kukaa msikitini mpaka giza. Baba hakuwahi kumpiga mama wala kumfokea, na kwa siku hiyo nilitamani afoke. Aliporudi alisema tu, "Nimewasaidia kuzika, na kumbe surua iliyomuua ilitoka kwetu."

Kijiji nacho kilijua, kidogo kidogo. Surua iliingia nyumba nyingine pia. Wengi wa waliochanjwa hawakuguswa, ila mmoja aliugua ingawa alichanjwa, na wale wa maneno wakamshika huyo huyo: mnaona, sindano ile haifai kitu. Wengine walimsema mama. Alipofika kisimani wenzake walimpisha ateke kwanza, ambayo kwetu si heshima, ni namna ya kutaka uondoke upesi. Yule bibi aliyenishika kidevu alinikuta njiani akaniuliza, "Wewe uliyetuambia tuwalete, wa kwenu alikuwa wapi?" Nilikuwa na kuni kichwani, nikashukuru kwa uzito wake, maana ulinipa sababu ya kupita haraka.

Mbaya kuliko yote ilikuwa darasani. Mwalimu alirudi kufundisha. Aliandika ubaoni kama zamani, akaniita nisome kwa sauti kama zamani, kwa kuwa nilikuwa msomaji wake. Nilisimama, herufi zikanikataa. Alingoja. Kisha akasema kwa upole, "Keti, mwanangu." Laiti angenichapa.

Mama alianza kuamka mapema na kuwajazia maji mtungi wao. Alifanya hivyo kila siku, hodi hakupiga. Mke wa mwalimu aliyatumia yale maji. Hawakuchambua mboga tena pamoja.

Mwaka ulipoisha mwalimu alipewa uhamisho. Siku ya kuondoka vitu vyao vilikuwa vimefungwa nje: godoro, sufuria, baiskeli. Mke wa mwalimu alivuka njia akaja uani kwetu. Alikuwa amekonda, amejitanda kanga nyeusi. Alimwambia mama, taratibu ili aelewe, "Dada, siku ile nilipokuja kuomba moto. Ulijua?"

Nilifungua mdomo nimkalimanie. Mama alinizuia kwa mkono.

"Nilijua," alisema.

Mke wa mwalimu alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta na ambacho hakina kazi tena. "Ungeniambia tu," alisema. "Ningeazima moto kwa mwingine." Akarudi kwake, akapanda gari. Hatukupata habari zao tena. Mama aliingia ndani, na baba, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, akaniambia nimwache.

Baadaye mama alizaa mtoto wa kike. Gari la chanjo liliporudi alikuwa ametimiza umri, na mama alimfunga mgongoni akaenda shuleni. Niliongozana naye. Foleni ilipotuona ilipunguza sauti. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alimgeukia akasema, "Na wewe leo umekuja?"

"Nimekuja."

"Huogopi tena?"

"Naogopa," mama alijibu, akafungua mbeleko. Nesi alimchoma mtoto begani. Mtoto alilia, mama akafumba macho mpaka ilipokwisha.

Wiki moja baadaye, alasiri, homa ilimpanda yule mdogo wangu wa kike. Nesi alikuwa amesema inaweza kutokea, lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na kumshika mtoto wako akiwa wa moto ni kingine. Jirani alipita, akagusa mguu wa mtoto, akaguna, akasema, "Si tulisema?" Mama alikaa na mtoto kifuani, hakula, hakuniruhusu nimpokee, na nilijua nani alikuwa akimwona pale mikononi mwake: yule wa kwanza, aliyefia njiani.

Asubuhi mtoto aliamka amepoa, akanyonya. Nilifurahi nikaruka. Mama hakufurahi hivyo. Alikuwa akimtazama tu anavyonyonya.

"Bado siiamini ile sindano," aliniambia. "Usidhani nimeiamini. Ila nimechoka kutembea nikitazama miguu yangu. Na sitaki wewe uishi hivyo."

Sikumwambia kwamba nilikwisha kuanza kuishi hivyo. Nilichukua ndoo nikatoka.