Carlota Torres na Jina Lisilotamkwa

Mimi ni mtu wa Mikindani, nimeolewa Kilambo, kando ya mto Ruvuma, na watu wa hapa wanasema nina mdomo. Sawa, ninao. Basi niacheni niutumie, maana habari ya Carlota Torres wengine wanaisimulia ovyo, na mimi nilikuwepo.

Carlota ni jirani yangu, mjane, mkulima wa mihogo na mikorosho michache aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwao ni ng'ambo, Msumbiji. Alivushwa Ruvuma akiwa mtoto, wakati wa vita vya kule, yeye na mama yake. Kaka yake Mauricio, aliyekuwa ametoka jandoni mwaka huohuo, akabaki na baba. Walisema watafuata. Hawakufuata.

Tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, mtumbwi ukifika tu Carlota yuko ukingoni. "Jamani, mmemwona Mauricio Torres? Mama yake Verónica, baba yake mkata mkonge, ana kovu la moto gotini." Watoto wa Kilambo walikuwa wanayaimba maneno hayo wakiruka kamba. Mimi mwenyewe nilikuwa namtania, namwambia, "Shoga, hata mamba wa mto huu wanamjua kaka yako."

Kumbe jina lenyewe la Torres ndilo lenye mashaka. Babu yake Carlota alikuwa Mmakonde safi, hakuna Mzungu aliyepita mlangoni kwao. Ila alifanya kazi shamba la mkonge, na msimamizi wake alikuwa Mhispania aliyeitwa Torres. Majina ya Kimakonde yalimshinda kuyatamka, mvivu yule, akawa anawaita wote kwa jina lake: watu wa Torres. Likawaganda. Wakazaa, wakabatiza watoto nalo, na leo kule ng'ambo kuna akina Torres wasiojuana hata kwa salamu.

Mwaka mmoja akapita padri wa Kihispania. Carlota akavaa kanga mpya, akaenda kumuuliza kama huko kwao anaufahamu ukoo wa Torres. Padri akacheka mpaka miwani ikateleza puani. Akatueleza kwamba torre ni mnara, na Torres ni minara. Zamani kwao Waislamu na Wakristo walipokuwa wanapigana, kila mahali palijengwa minara ya kulinda, na mtu aliyekaa jirani na mnara akaitwa kwa mnara huo. Minara mingi, watu wengi. Baadaye jina likapanda meli, likaenda Ureno, likaenda Amerika, likaenda mpaka Ufilipino. "Mama," akasema, "ukiita Torres sokoni kwetu, nusu ya soko inageuka."

Mimi nikadakia, nikasema basi hata muadhini wetu ni Torres. Watu wakaangua kicheko. Carlota hakucheka. Njiani akaniambia, "Mwenzangu, mimi nilidhani nimeshika kamba ya kwetu. Kumbe nimeshika kamba ya dunia nzima."

Halafu yakaanza yale ya ng'ambo. Wachoma vijiji wale sisi hatuwataji kwa jina, tunasema wale jamaa. Tuliona moshi upande wa pili. Tukaona watu wanavuka na vichanga bila hata kanga. Tukasikia kuna kijiji kando ya mto walimkaribisha mgeni aliyejiita binamu, na wiki haikuisha nyumba zikachomwa moto. Kama ni kweli au uongo sijui, lakini nani alale baada ya kusikia hivyo? Nilikuwa nikisikia mbuzi anakohoa, roho inaruka. Mgeni yeyote aliyeteremka hapa alitazamwa kuanzia kisogo mpaka kisigino.

Telma, binti yake Carlota, mwenye watoto wawili wadogo, akamkalisha mama yake chini. "Mama, acha kuulizia. Umewatangazia watu wote jina la mjomba, jina la bibi, mpaka kovu lake. Mtu mbaya akitaka kuingia nyumbani kwetu, umeshamfundisha kila kitu."

Carlota akatii. Ukingoni hakwenda tena, na jina la Torres akalificha. Ukimwita hivyo anakwambia, "Niite Mama Telma." Alikuwa anafunga mlango jua bado liko juu.

Tukiwa wawili tu siku moja, tunabangua korosho, akaniambia jambo. "Lipo moja sikulitangaza. Jina lake la utotoni." Wamakonde, mvulana akienda jandoni jina la utoto analiacha hukohuko. Ukimwita nalo baada ya hapo, umemvua nguo mbele za watu. "Alipotoka mimi nilisahau, nikamwita. Mama alinizaba kofi, mdomo ukavimba. Sijalitamka tena mpaka leo." Nikamwambia, haya, niambie mimi. Akanikata jicho, nikaufyata.

Basi. Ikaja Alhamisi moja, mchana kweupe, tukasikia kelele za kuitana. Mwanamume ameshuka kwenye mtumbwi, ndevu za mvi, kafuko mkononi, anasema anaitwa Mauricio Torres na anamtafuta dada yake.

Nilipofika ukingoni mgambo walikuwa wameshamzunguka. Faraji, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuwa anajifuta jasho. Carlota kasimama na mjukuu mgongoni, na Telma kamshika mkono kama anayemzuia asiteleze.

"Mama yako nani?" Faraji akauliza.

"Verónica."

Watu wakaguna. Hilo hata watoto wanalijua. Akapandisha suruali, akaonyesha kovu gotini. Watu wakaguna tena. Mwanamume gani wa shamba asiye na kovu gotini?

"Carlota, uso unaukumbuka?"

"Nilimwacha mtoto, mwenyekiti. Huyu ni mzee."

Faraji akamgeukia yule mtu. "Kama kweli ni kaka yake, tutajie jina lako la utotoni."

Yule mtu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akatutazama sisi wanawake, akawatazama mgambo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Hilo lilichomwa pamoja na kibanda cha jando. Mimi si mtoto. Sisemi."

"Ulitaje, ubaki. Usipolitaja, unarudi."

"Sisemi."

Sasa niambieni. Mmakonde yeyote mwenye heshima zake angejibu hivyohivyo. Lakini na mwongo Mmakonde angejibu hivyohivyo. Faraji ni Myao, katoka jandoni mwenyewe, anajua kabisa. Ila hofu ilikuwa imetushika sote, na mimi, wallahi, nilikuwa namwombea aende zake.

"Mama," Telma akanong'ona, "watoto."

Carlota akamtazama yule mtu. Akasema, "Simjui."

Yule mtu hakugomba. Akaokota kafuko kake, akapanda mtumbwi, akaketi akitugeuzia mgongo. Anarudishwa kwenye moshi ule, na kila mmoja wetu alijua hilo. Mpiga kasia akausukuma. Maji yakaanza kuwatenga.

Carlota akapiga hatua moja kuelekea majini. Nikamshika bega, nikamsikia anasema polepole, "Mama atanichapa. Nikilisema mama atanichapa." Jamani, mama yake tulishamzika! Nikadhani akili imeruka.

Akamshusha mjukuu mgongoni, akamkabidhi Telma. Akaenda mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akaweka mikono mdomoni, akaliita. Kwa sauti, mbele ya mgambo, mbele ya wanawake, mbele ya mto mzima.

Yule mtu akasimama ghafla, mtumbwi nusura upinduke, mpiga kasia akitukana. Akageuka. Alikuwa amekasirika, midomo inacheza, kidole kimenyooka kwa Carlota.

"Wewe msichana huna adabu!" akapiga kelele. "Kofi la mama halikukutosha?"

Nikakaa palepale kwenye tope. Carlota akaingia mtoni na nguo zake, analia, analirudia jina lilelile, na kaka yake anamfokea anyamaze huku anamwambia mpiga kasia ageuze. Faraji anapiga kelele mamba, mamba, hakuna anayemsikia.

Jina lenyewe nalijua sasa, nililisikia vizuri sana. Msiniulize. Yule mzee anakaa nyuma ya nyumba yangu, na namheshimu.